Jumatatu Isiyo kwenye Kalenda

Maji ya kisima cha Janelle Trego yalikuwa ya manjano, manjano ya mkojo wa asubuhi, na Verna Dolak aliyatazama ndani ya gilasi mpaka hasira ikampanda. Alikuwa mpelelezi wa makosa ya mazingira wa serikali kuu, mwaka wa kumi na tisa kazini, na maji mabaya alishayaona ya kila aina. Haya yalimuudhi zaidi kwa sababu yalikuwa yametiwa kwenye gilasi safi na kuwekwa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi.

"Nimekuwekea uyaone," Janelle alisema. "Wale wa kiwandani walipokuja walidai ni kutu ya bomba. Nikawaambia haya, kunyweni. Hakuna aliyekunywa."

"Mikono je?"

Janelle aliivuta mikono ya sweta mpaka ikamfunika vidole. "Inabambuka. Siku hizi naoga maji ya chupa, kama tajiri."

Dakika ishirini za kupanda msituni kutoka nyumba ile kulikuwa na shimo la zamani la makaa ya mawe. Mwezi Aprili yalikutwa humo mapipa arobaini na moja yakivuja maji ya sumu ya kromu, taka za kiwanda cha Wexmoor kinachochovya vyuma vya magari mpaka ving'ae. Aliyeshtakiwa kwa kuyatupa alikuwa dereva wa lori, Hollis Trego, miaka hamsini na minane, baba mzazi wa Janelle.

"Kesho saa nne asubuhi anasaini kwamba ametenda," Janelle alisema. "Wakili wake kamwambia akikiri atapata miaka mitatu, akibisha watamzeesha huko ndani. Baba amechoka, afande. Kanikataza hata kwenda mahakamani."

"Na wewe unaonaje?"

"Atupe sumu juu ya kisima ninachonywa mimi? Kisima alichokichimba kwa mikono yake? Hata angekuwa mwizi, mjinga si yeye."

Hilo lilikuwa neno la binti, na mahakama haimpi mtu uhuru kwa neno la binti yake. Verna aliaga, akaingia garini, akafungua jalada juu ya usukani.

Sheria ya shirikisho ya taka hatari ni sheria ya karatasi. Inaifuata sumu tangu inapozaliwa mpaka inapozikwa. Kiwanda kinasaini pipa linapotoka, dereva anasaini anapolipokea, na wanaolisafisha wanasaini linapowafikia. Hati ya mapipa haya arobaini na moja ilikuwa ya tarehe kumi na mbili Desemba, mwaka 2014. Ilikuwa na sahihi ya kiwanda na sahihi ya Hollis. Mahali pa sahihi ya tatu palikuwa peupe.

Hollis hakuikana sahihi yake. Alisema mwezi Novemba alisaini hati tano tupu kwa sababu Craig Stauffer, bwana taka wa Wexmoor, alimwomba, ili Ijumaa, siku ya kupakia, wasiwe wanasubiriana. Mapipa yenyewe hakuyaona. Ulikuwa upumbavu, na madereva wengi wa sehemu zile wameufanya.

Hati peke yake isingemzamisha. Kilichomzamisha ni daftari la Wexmoor. Sheria inataka taka hatari zikaguliwe kila wiki, na pipa lisikae kiwandani zaidi ya siku tisini. Daftari la Stauffer lilionyesha kwamba mapipa yale yaliingia uani tarehe kumi na tano Septemba, yakakaguliwa mara kumi na tatu, na tarehe nane Desemba yalikuwa bado palepale, yote arobaini na moja. Siku nne baadaye Hollis akayachukua. Siku ya themanini na nane. Palikuwa na usafi hapo ambao Verna hakuupenda.

Kingine kilichomkera kilikuwa picha moja ya shimoni. Juu ya vifuniko vya mapipa yaliganda majani ya mwaloni, tabaka juu ya tabaka. Mialoni ya milima ile inamaliza kupukutisha majani katikati ya Novemba. Pipa lililotupwa Desemba hulala juu ya majani, halilali chini yake. Alimweleza mwendesha mashtaka, bwana mdogo mmoja kutoka mjini mwenye viatu vya kung'aa, naye akajibu kwa neno moja: upepo. Verna akapeleka daftari maabara akitumaini sahihi ni za kughushi. Wiki tatu baadaye jibu likarudi kwamba zote ni za Stauffer, na wino hausemi umri wake. Alikuwa amepoteza wiki tatu za mtu aliye mahabusu.

Saa tatu asubuhi, baada ya kutoka kwa Janelle, alikuwa ofisini kwa Stauffer. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi ambazo hazikupinda. Kando yake alikaa wakili wa kampuni, Bwana Pell, aliyetoka Philadelphia na aliyeonekana kuihesabu kila dakika aliyokaa mbali nako. Ukutani ilining'inia kalenda ya benki, sikukuu zake kwa wino mwekundu, na juu ya kiti cha Stauffer kichwa cha kulungu dume kilichokaushwa, macho ya kioo yakitazama mlangoni.

"Kila Jumatatu saa mbili kamili asubuhi?" Verna aliuliza, daftari liko mbele yake.

"Kila Jumatatu."

"Hukukosa hata moja?"

"Sheria inasema kila wiki, Bi Dolak. Mimi ni mtu wa sheria."

"Mwezi Oktoba naona Jumanne, tarehe kumi na nne."

"Jumatatu yake ilikuwa sikukuu. Siku ya Columbus."

Verna alivuta rundo la kadi za mahudhurio alizoziomba. "Siku hiyo watu sitini na wawili waligonga kadi. Na wewe ukiwemo."

Stauffer alinyoosha karatasi. "Sisi huwa hatufungi siku hiyo."

"Basi ulikuwepo kazini, na hukukagua."

"Mteja wangu alikagua wiki hiyo," Pell aliingilia. "Nijuavyo, Jumanne nayo ni siku ya wiki."

"Kweli kabisa, Bwana Pell."

Alifungua ukurasa. Novemba tarehe tatu, kumi, kumi na saba, ishirini na nne. Desemba mosi, saa mbili asubuhi, mapipa arobaini na moja, hakuna linalovuja, C. Stauffer. Kidole chake kilisimama hapo. Alitafuta kadi za Desemba mosi na hakupata hata moja, ya mtu yeyote.

Verna alizaliwa wilaya ya pili kutoka pale, binti wa mchimba makaa. Hakuhitaji kuuliza kiwanda kilifungwa kwa nini. Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani ndiyo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu dume. Shule zinafungwa, viwanda vinafungwa, ukiumwa jino utavumilia mpaka Jumanne. Hakuna sheria iliyoiweka siku hiyo na hakuna benki inayoichapa kwa wino mwekundu, ila kila mtu anaishika.

Yeyote aliyeliandika daftari lile aliiruka sikukuu ambayo kiwanda hakiisherehekei, na akafanya kazi siku ambayo hapakuwa na mtu kazini. Huyo hakuwa anakagua mapipa. Alikuwa anakagua kalenda.

Verna akimuuliza sasa, Stauffer angesema alipita mara moja kabla ya kwenda msituni, na Pell angeandika jibu hilo kwa herufi nzuri. Alihitaji kujua mtu huyu alikuwa wapi saa mbili ile. Akainua macho ukutani.

"Dume zuri hilo," alisema. "Pembe zina ncha kumi?"

Kwa mara ya kwanza Stauffer alitabasamu. "Kumi. Upande wa kushoto kuna nyingine ndogo, lakini mimi siihesabu."

"Mungu akubariki, wengine wangeihesabu. Umempatia wapi?"

"Potter, kambini kwetu. Mwaka jana. Alitokea kwenye misonobari, upepo uko kwangu, akasimama hivi, ubavu wote nje." Mikono yake ilishika bunduki isiyokuwepo. "Miaka thelathini nawinda, sijaona mfano wake."

Pell alikuwa amekwishatoa simu yake na kusoma ujumbe. Kwake yalikuwa maongezi ya wanakijiji.

"Na kazi ya kichwa ni safi. Nani kakukaushia?"

"Mzee Emlyn Rhoads, nani mwingine?"

"Nani mwingine," Verna aliitikia, akafunga daftari.

Karakana ya Emlyn Rhoads ilinuka chumvi na gundi. Mzee mwenyewe alikuwa akimpachika sungura mkubwa jicho la pili na hakusimama.

"Kama umeniletea bata, jokofu limejaa," alisema.

"Nimekuletea kitambulisho, mzee wangu." Verna alimwonyesha. "Nataka kuona kitabu chako. Kulungu wa Craig Stauffer, mwaka jana."

"Craig kafanya nini? Kampiga pasipo ruhusa?"

"Wewe nionyeshe tu."

Rhoads aliliacha jicho, akafuta mikono, akashusha kitabu kinene. "Jimbo linanidai kila kichwa. Jina, namba ya lebo, siku, mahali. Nikikosa kimoja wanakuja na bastola kiunoni, utadhani nakausha binadamu. Na lebo zenyewe sitoi sikioni nikatupa, natia kwenye bahasha. Haya, huyu hapa."

Aliigeuza bahasha, na lebo ya njano ikadondoka mezani, imekunjamana, ina doa la damu kavu. Sheria ya jimbo humtaka mwindaji aijaze palepale alipomwangushia mnyama. Mwandiko ulikuwa uleule wa daftari, herufi nene zilizolala. Stauffer, Craig. Desemba mosi. Wilaya ya Potter. Saa moja na dakika arobaini asubuhi.

Dakika ishirini kabla ya saa mbili. Na kutoka Potter mpaka Wexmoor ni saa tatu kwa gari, ukiwa na bahati ya barabara.

"Kulungu mmoja," Verna alisema kwa hasira ambayo hakutaka kuificha. "Kulungu mmoja aliyekufa ana karatasi ya kweli. Mapipa arobaini na moja ya sumu yana hadithi."

"Sijakuelewa, binti yangu."

"Afadhali, mzee. Hii lebo nitaichukua, nitakusainia."

"Chukua na picha, basi. Kila ninayemkaushia huwa nakaa na picha yake, nipate kuona alivyosimama shingo." Alichomoa picha kutoka nyuma ya bahasha.

Theluji kidogo, misonobari, na kulungu amelala mbele ya wanaume wawili waliopiga goti. Stauffer alikuwa ameshika pembe moja. Pembe ya pili ilishikwa na mtu mwembamba mwenye kofia ya rangi ya chungwa, anacheka mdomo wazi. Verna alikuwa amemwona mtu huyo mara nne, kila mara nyuma ya kioo cha mahabusu.

"Si Hollis huyo?" Rhoads alisema. "Wanalala kambi moja hao tangu Craig ana nywele. Nasikia yamemkuta makubwa, maskini."

Verna alisaini kitabu, akatoka, akakaa garini na mikono yote miwili kwenye usukani mpaka alipoweza kuendesha bila kumgonga mtu.

Saa tisa alasiri alikuwa tena chini ya macho ya kioo. Safari hii hakuketi.

"Tulidhani tumemalizana," Pell alisema.

"Kasoro kidogo." Aliuweka ukurasa wa daftari mezani, akaweka lebo ya njano kando yake, akazisogeza zikagusana. "Bwana Stauffer, nisomee saa zote mbili. Kwa sauti, Bwana Pell naye asikie."

Stauffer aliitazama lebo. Rangi ilimtoka usoni kuanzia kwenye paji.

"Hii takataka ni nini?" Pell aliuliza.

"Lebo ya sikio la huyo aliye ukutani. Saa moja na dakika arobaini mteja wako alikuwa Potter na bunduki mkononi. Saa mbili, tarehe hiyohiyo, alikuwa hapa anahesabu mapipa. Mwambie anifundishe hiyo barabara, na mimi nina safari nyingi."

"Mtu anaweza kukosea saa."

"Anaweza. Mwulize ni ipi aliyokosea. Akisema ya daftari, daftari ni la uongo, na kuidanganya serikali kuu kwa maandishi ni kosa la jinai. Akisema ya kulungu, aseme mbele ya watu wa mji huu kwamba alidanganya kuhusu kulungu wake."

"Craig, usijibu," Pell alisema.

Verna alitoa picha, akaiweka juu ya karatasi zote mbili.

"Nani alikusaidia kumburuta?"

Pell alikunja uso. Hakuona kwa nini mtu aulizwe jambo hilo, wala hakuona kwa nini mteja wake ameanza kupumua kama aliyepanda ngazi. Asingejua. Hajawahi kumvuta mnyama wa uzito ule kwenye theluji na rafiki, kamba moja, mabega mawili.

"Hollis," Stauffer alisema.

"Craig."

"Maili nzima. Yeye wake hakumpata mwaka ule, na akanisaidia kumburuta maili nzima." Alijifuta mdomo. "Jioni akapika maharage."

"Na siku hiyo mapipa yalikuwa wapi?"

"Nakushauri rasmi unyamaze," Pell alisema, amesimama.

"Yalishaenda."

"Lini?"

"Oktoba mwanzoni. Yalikuwa yamepita siku tisini kitambo, yalianza Juni. Tukasikia wakaguzi wanakuja. Mwenye kiwanda akaniambia yatoke, hataki kujua yanakokwenda. Nikayapeleka Jumapili mbili, na lori la shamba la shemeji yangu."

"Kabla majani hayajaanguka."

Stauffer alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. "Ndiyo. Yalikuwa bado mtini."

"Na daftari?"

"Mlipotuma barua ya kulidai, Juni hii. Niliandika mstari kwa mstari, siku moja. Nikatoa kalenda ya mwaka jana kwenye droo nikaifuata." Alicheka kicheko kikavu. "Nilikuwa mwangalifu sana. Niliziruka zote nyekundu."

"Ukamchagua Hollis."

"Sikumchagua. Hati zake zilikuwa kwenye droo hiyohiyo, zimekwishasainiwa. Hakuuliza hata za nini. Aliniamini tu."

"Ulijua nani anakaa chini ya lile shimo?"

Stauffer alifumba macho. Verna hakuwa tayari kumsaidia kwa lolote.

"Nilijua," alisema. "Siku kisima kinachimbwa nilileta koleo."

Pell aliketi polepole akafunga kalamu yake. Verna alikusanya karatasi moja baada ya nyingine. Angeweza kumtukana yule mtu mnene kuanzia pale mpaka jua lizame. Badala yake alimpigia mwendesha mashtaka, akamsomea saa mbili na saa moja na dakika arobaini, na safari hii bwana mdogo hakutaja upepo.

Mahabusu ya wilaya ilikuwa inafunga wageni saa kumi na moja jioni. Aliingia robo saa kabla. Hollis alikuja amevaa sare ya chungwa inayompwaya, na mkononi ana ile karatasi ya kukiri, imekunjwa mara nne.

"Usisaini," Verna alisema, kabla hajakaa.

Alimwekea picha kwenye kioo. Hollis aliinama kuitazama, na uso wake ukalainika.

"Dume la Craig hilo. Mmelipatia wapi?"

Verna alimweleza yote, bila kupamba, kuanzia lebo mpaka lori la shemeji. Hollis alisikiliza huku kidole kikifuatisha pembe aliyoishika mwaka jana. Verna alipofika kwenye daftari, Hollis akamsimamisha.

"Ngoja. Imeandikwa Craig alikuwa kiwandani siku ya dume?"

"Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili tulikuwa tunampasua. Mimi ndiye niliyeshika miguu." Alimtazama Verna moja kwa moja. "Miezi mitano, afande. Mmeniuliza tarehe kumi na mbili mpaka naiota. Kwa nini hakuna aliyenionyesha hilo daftari?"

Hakuna aliyemwonyesha. Wakili wake hakumwonyesha, mwendesha mashtaka hakumwonyesha. Verna mwenyewe alikuja mara nne na daftari liko kwenye mkoba, akashughulika na wino.

"Nilikosea," alisema. "Ningekuuliza siku ya kwanza, usingelala hapa siku ya pili."

Hollis alitikisa kichwa taratibu. Askari mlangoni alitazama saa yake.

"Na kisima cha Janelle?"

"Kuna sheria nyingine, ya kusafisha. Inamkamata aliyechafua hata ikipita miaka mingapi. Wexmoor watasukuma maji kutoka chini, watayachuja, watayapima, na serikali itawasimamia mpaka yawe meupe."

"Itachukua muda gani?"

Verna alitamani kuwa na jibu jingine. "Miaka ishirini. Labda thelathini."

Hollis aliikunjua karatasi ya kukiri, akailaza juu ya meza upande wake wa kioo, akaipiga pasi kwa kiganja mpaka ikanyooka. Kalamu hakuigusa.

"Nilikichimba kwa siku tisa," alisema.